Jinsi ya kukagua video ya vita kabla hujaiamini wala kuituma: mwongozo kamili kutoka Mbeya

Januari 2025, wiki ile waasi wa M23 wanaingia Goma, Kongo mashariki, mama jirani yangu hapa Uyole alikuja mlangoni saa tatu usiku, mvua inanyesha, simu kaifunika na kanga isilowe. Kijana wake yuko jeshini, na kipindi kile wanajeshi wetu walikuwa Kongo mashariki pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi chini ya SADC. Kwenye grupu lao la kikoba ilikuwa imetumwa klipu ya sekunde kama arobaini hivi, gari la jeshi linawaka, miili imelala pembeni ya barabara, na chini yake mtu kaandika kwamba hao ni vijana wa Tanzania. Nikamwamkia shikamoo, hata kuitikia vizuri hakuweza. Akanipa simu akasema, "Mwanangu, we ndo unajua mambo ya mikanda, niangalizie kama yumo."

Tulikaa naye sebuleni karibu saa nzima. Ile klipu haikuwa ya Goma, haikuwa ya mwaka ule, wala haikuwa ya wanajeshi wetu. Nitaeleza huko chini nilijuaje, maana tangu siku ile nimeombwa na watu wengi niandike namna ya kufanya, na mimi nataka kila mwenye simu aweze kufanya mwenyewe, mama wa watu asitembee kwenye mvua usiku kwa sababu ya kitu ambacho kingekaguliwa kwa dakika kumi.

Kwa nini walikuwa wananiletea mimi? Nilikuwa na kibanda umiza pale Mwanjelwa miaka tisa. Deki, baadae flashi, TV mbili, mabenchi, na kila siku filamu za vita maana ndo zilikuwa zinajaza watu. Ukiangalia mkanda mmoja mara mia unaanza kuuona vingine kabisa, unajua mlipuko huu uko dakika ya ngapi, kifaru hiki kina kioo kilichovunjika upande gani. Siku moja naangalia makala ya historia kwenye chaneli moja, wanaelezea vita ya kweli, naona mlipuko ule ule wa kwenye filamu niliyokuwa naiuza tiketi. Walikuwa wamekata kipande wamekiweka kama tukio. Tangu hapo nikaanza kufuatilia, na nimegundua hili jambo lina miaka zaidi ya mia moja, halijaanza na WhatsApp.

Twende hatua kwa hatua. Sio lazima ufuate zote kila mara, ila ya kwanza na ya pili usiziruke.

HATUA YA KWANZA: ZIMA SAUTI

Hii nimejifunza kibandani. Mikanda mingi tulikuwa tunaweka ile iliyotafsiriwa, jamaa anaongea Kiswahili juu ya picha. Mtafsiri akisema huyu mzee ni msaliti, ukumbi mzima unamchukia yule mzee kabla hajafanya chochote, wakati kwenye filamu yenyewe ni mtu mwema tu anayetafuta mwanae. Nimeona mkanda mmoja una tafsiri mbili za watu wawili tofauti, na watu wakatoka na hadithi mbili tofauti. Picha ni ile ile. Sasa msomaji wa taarifa ya habari au mwandishi wa makala, au aliyeandika maneno chini ya klipu, naye ni mtafsiri wako. Anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini wewe umeona picha kupitia mdomo wake.

Kwa hiyo zima sauti, funika maandishi kwa kidole, angalia klipu mara tatu, alafu jisemee mwenyewe kwa sauti unachokiona tu. Sio "wanajeshi wa nchi fulani wameshambuliwa". Sema: gari limeungua, watu wanne wamelala chini, mtu mmoja anatembea, udongo ni mwekundu, kuna miti mifupi ya miba. Basi. Utashangaa jinsi kinachobaki kilivyo kidogo. Yale mengine yote, nani, wapi, lini, kwa nini, yalikuwa yanatoka kwenye maneno na ndo unatakiwa kuyathibitisha moja moja.

Na kwenye makala za TV angalia pembeni ya kioo kama wameandika "picha za maktaba" au "maktaba". Maana yake hizi picha sio za tukio linaloongelewa, zimetolewa stoo. Chumba cha habari kinapokea habari ya mapigano saa kumi jioni na taarifa ni saa mbili, hawana picha, wanaweka za zamani. Hapo hamna dhambi kama wameandika. Shida ni kwamba yale maandishi ni madogo, na mtu akija kukata kipande akaweka kwenye grupu, maandishi yanakatwa nayo.

HATUA YA PILI: JIULIZE MPIGA PICHA ALIKUWA AMESIMAMA WAPI

Kama kuna kitu kimoja nataka ukishike kwenye andiko lote hili basi ni hiki. Kila picha ya vita kuna mtu alishika kamera, na yule mtu ana mwili, anaweza kupigwa risasi. Ukiona wanajeshi wanakimbia kuja mbele kumshambulia adui, na kamera iko mbele yao inawaangalia usoni, imetulia, jiulize: huyu mpiga picha kasimama upande wa adui? Kampa adui mgongo? Mara nyingi jibu ni kwamba hapakuwa na adui, walikuwa wanarudia kwa ajili ya kamera.

Chukua mfano wa Uingereza, mwaka 1916. Ilitoka filamu ya vita ya Somme kule Ufaransa, imepigwa na Geoffrey Malins na John McDowell, ndani ya wiki sita zilikatwa tiketi kama milioni 20. Kile kipande maarufu ambacho wanajeshi wanapanda kutoka kwenye handaki, wengine wanaanguka wamekufa, kilitengenezwa nyuma kabisa ya mstari wa mbele, kwenye sehemu ya mafunzo. Waigizaji ni wanajeshi wa kweli, handaki la kweli, kifo cha kuigiza. Lakini kwenye filamu hiyo hiyo ule mlipuko mkubwa wa baruti iliyochimbiwa chini ya kilima cha Hawthorn, asubuhi ya tarehe 1 Julai 1916, ni wa kweli, Malins alikuwa pale, kamera ikiwa mbali. Umeona? Kweli na maigizo vimeshonwa kitambaa kimoja, na mpaka leo makala nyingi za vita ya kwanza ya dunia zinatumia kile kipande cha kuanguka bila kusema neno.

Urusi nako, watu kuvamia Ikulu ya Majira ya Baridi mwaka 1917, umati unamiminika getini. Hizo picha nyingi unazoziona zinatoka kwenye filamu ya kuigiza ya Eisenstein iliyopigwa 1927, miaka kumi baada ya tukio, na tukio lenyewe lilikuwa dogo kuliko filamu. Wakati wa vita ya Stalingrad, majeshi mawili ya Urusi yalikutana Kalach tarehe 23 Novemba 1942 yakawa yamewazingira Wajerumani, na zile picha za wanajeshi wanakimbiliana kukumbatiana zilirudiwa baadae kwa ajili ya wapiga picha. Wamarekani hivyo hivyo, John Huston aliwatengenezea jeshi filamu ya mapigano ya San Pietro kule Italia, na mashambulizi mengi mle yalirudiwa baada ya mapigano kuisha. Sitaji haya kuwasema vibaya, kamera za wakati ule zilikuwa nzito na mtu alikuwa anakufa kweli. Ila mtazamaji wa leo haambiwi, na hiyo mimi naona ni kumdhulumu.

Sasa kwenye klipu za simu fanya hivi: angalia kamera inatikisika vipi pale mlipuko unapotokea. Mtu wa kweli anashtuka, anajificha, kamera inaangalia chini, unaona viatu vyake, unasikia anahema. Picha ya kweli ya vita mara nyingi ni mbaya, haieleweki, imejaa majani na moshi wa mbali. Ikiwa kila kitu kiko katikati ya kioo, mlipuko umeingia vizuri kwenye fremu kana kwamba mpiga picha alijua utatokea wapi, punguza imani. Simaanishi ni uongo moja kwa moja maana droni na kamera za barabarani zinapiga vizuri, ila uliza maswali zaidi.

HATUA YA TATU: HIYO PICHA INGEWEZA KUWEPO MWAKA HUO?

Kuna mtu Iringa alinitumia kipande akaniambia ni vita ya Lugalo, Mkwawa na Wahehe wanawapiga Wajerumani. Lugalo ilikuwa tarehe 17 Agosti 1891. Sinema ya kuonyeshwa hadharani huhesabiwa kuanza Paris Desemba 1895. Hata Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilipoanguka mwishoni mwa Oktoba 1894 hapakuwa na mtu duniani mwenye kamera ya video ya kutembea nayo vitani. Kwa hiyo kila "video" ya Lugalo au Kalenga ni maigizo au imetengenezwa na kompyuta, huna haja hata ya kuitafuta. Inaweza kuwa maigizo mazuri yanayoheshimu babu zetu, na mimi napenda yafanywe, ila yaandikwe ni maigizo.

Vita ya Kagera ndo inanigusa zaidi maana wazee wetu walipigana. Bara hatukuwa na kituo cha TV mpaka 1994. Vita ya 1978 na 1979 watu wa huku waliifuata kwenye redio, baba yangu alikuwa Makambako wakati huo na alikuwa anasimulia walivyokusanyika kwenye redio moja mtaa mzima kumsikiliza Mwalimu. Kwa hiyo picha za video za mapigano yenyewe ni chache sana, na mtu akitaka kutengeneza makala ya saa nzima lazima ajaze. Anajazaje? Nimeona makala moja, jina la chaneli naliacha, inaelezea daraja la Kyaka lilivyolipuliwa Novemba 1978, na pichani vifaru vinapita kwenye mchanga mtupu, jangwa. Kagera ni majani, migomba na mto. Kuna mzee aliyepigana kule tulikuwa tunaangalia naye, akanyamaza muda mrefu alafu akasema hapa sio tulipopita sisi. Iliniuma sana. Yule mzee amezika wenzake kule, na makala inayodai kumuenzi imemuonyesha nchi ambayo hajawahi kukanyaga.

Vya kuangalia kwa haraka: nguo za jeshi zenye madoa ya vijiboksi kama ya kompyuta zimeanza kusambaa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenda 2000, ukiziona kwenye picha ya 1979 achana nayo. Kifaru cha Tiger cha Wajerumani kiliingia vitani 1942, kikionekana kwenye makala kinaivamia Ufaransa 1940 wamechanganya. Simu mikononi mwa watu, nguzo za mitandao, aina ya bodaboda, vyote hivyo vina umri. Na uangalie kama picha imegeuzwa kushoto kulia, herufi zikisomeka kinyume, au bunduki ya AK ile komeo yake ya kuvuta iko kushoto wakati inatakiwa kuwa kulia. Watu wanageuza ili programu za kutafuta zisiitambue.

HATUA YA NNE: TAFUTA ILIKOTOKA

Hii ndo kazi yenyewe na haihitaji kompyuta. Simu ya kawaida na bando dogo inatosha.

Isimamishe klipu sehemu tano au sita tofauti, piga skrinishoti kila sehemu. Usichague moto na moshi, moto wote unafanana. Chagua palipo na jengo, kibao, mlima, namba ya gari, nembo, mtu aliyevaa kitu cha tofauti. Alafu kata skrinishoti, ondoa maandishi ya aliyetuma na ile mistari myeusi ya juu na chini. Fungua app ya Google, gusa alama ya kamera, chagua hiyo picha. Ukikosa, nenda kwenye Yandex upande wa picha, mara nyingi inapata zile ambazo Google haipati hasa za nchi za kule Urusi na jirani zake. Ukikosa tena, TinEye, hiyo ina uzuri wa kukupangia matokeo kuanzia la zamani kabisa. Ukikosa kote, geuza picha kushoto kulia kwenye galari yako, rudia upya. Wenye kompyuta kuna kifaa kinaitwa InVID-WeVerify, unakiongeza kwenye Chrome, kinaikata video vipande chenyewe.

Unachotafuta ni tarehe. Ukipata klipu ile ile imewekwa mtandaoni hata siku moja kabla ya tukio linalodaiwa, kesi imeisha. Haijalishi nani kaituma, awe mchungaji, diwani au shemeji yako. Kinyume chake sio kweli lakini, usipoipata ya zamani haimaanishi ni mpya, inawezekana hujatafuta vizuri tu.

Usipoteze mda kutafuta taarifa zilizojificha ndani ya faili lililopitia WhatsApp, za lini na wapi lilipigwa, zinafutwa na video inabanwa. Ila angalia ile mishale miwili juu ya ujumbe, maana yake imeshasambazwa mara nyingi mno, aliyekutumia hana habari ilikotoka.

Na usidhani hili linawakumba wa kwenye magrupu peke yao. Oktoba 2019 ABC ya Marekani, televisheni kubwa kabisa, walirusha video ya usiku, milipuko na risasi zinawaka angani, wakasema ni Uturuki inapiga mji wa mpakani Syria. Ilikuwa ni onyesho la bunduki la usiku kwenye uwanja wa shabaha wa Knob Creek, Kentucky, huko huko Marekani, na kwenye video ya awali unawaona watazamaji mbele wameinua simu wanarekodi. Wakaomba radhi. Na ile mlipuko wa kutisha wa ghala Tianjin, China, wa Agosti 2015, mimi nimeuona mwaka 2022 ukiitwa wa Ukraine. Sisi tunaokumbuka Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011 tunajua ghala likilipuka linafanana na vita kabisa.

HATUA YA TANO: SOMA ARDHI, JUA NA BARABARA

Hapa sasa ndo nilipomtuliza yule mama, kabla hata Google haijajibu maana mtandao ulikuwa unazunguka tu kwa ajili ya mvua.

Goma imekaa chini ya volkano ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava iliingia katikati ya mji, 2021 ikatiririka tena ikafika pembeni. Ardhi ya pale ni nyeusi, mawe meusi yenye matundu, hata kuta za nyumba na uzio wanajenga kwa hayo mawe. Watu wa Tukuyu na Rungwe mnaelewa naongelea nini, jiwe la volkano halijifichi. Nikamwonyesha mama kwenye klipu: udongo ni mwekundu kwenda njano, umekauka, vumbi, miti ya miba imeachana. Januari, na Goma hainaga sura hiyo. Alafu barabara: Kongo wanaendesha kulia, sisi na Uganda kushoto. Kwenye klipu kuna pikipiki ilipita sekunde ya thelathini na moja, nikaisimamisha, ilikuwa upande wa kulia, kwa hiyo hilo peke yake halikutusaidia, nikamwambia ukweli kwamba hilo halitusaidii. Ila sauti tulipoiwasha, wanaongea lugha ambayo sio Kiswahili, sio Lingala wala Kinyarwanda, na mtu wa pili kwenye video anasema maneno ya Kifaransa katikati. Nilipopata mtandao, skrinishoti ya tatu ikaleta ile klipu, nchi ya Afrika Magharibi, ipo mtandaoni miaka kadhaa nyuma. Mama aliangalia ile tarehe mara nyingi, anaigusa kwa kidole.

Jua nalo linasema. Hapa Mbeya mwezi wa sita saa sita mchana simama Kabwe uangalie kivuli chako, kinaenda kusini, jua liko kaskazini, upande wa mlima Loleza. Desemba kinageuka, kinaenda kaskazini. Ukraine saa sita mchana kivuli kinaenda kaskazini mwaka mzima na ni kirefu hasa wakati wa baridi. Kwa hiyo ukijua barabara inaelekea wapi kwenye ramani, kivuli kinakupa saa. Kuna tovuti inaitwa SunCalc, unaweka mahali na tarehe inakuchorea jua.

Zoezi zuri la kuanzia ni kwenu. Piga picha ya mgongo wa Loleza ukiwa Mwanjelwa, alafu fungua Google Earth, inamisha ramani mpaka uione milima kama ulivyosimama, uifananishe na picha. Wa Iringa fanyeni na jiwe la Gangilonga. Ukiweza kwenu utaweza kokote, wanaotafuta mahali palipopigwa video za Syria na Sudan wanafanya hivyo hivyo, mgongo wa mlima, mnara wa msikiti, kona ya barabara.

HATUA YA SITA: MLIO

Fupi tu. Mwanga unafika papo hapo, mlio unaenda kama mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita moja inachukua karibu sekunde tatu. Sote tumekua tunahesabu radi. Mlipuko ukiwa mbali kule mlimani kwenye video, na mlio ukatoka pamoja na mwanga, sauti imewekwa baadae.

Na kwenye makala za vita ya pili ya dunia karibu kila mlio unaousikia umeongezwa. Kamera nyingi za wapiga picha vitani zilikuwa hazirekodi sauti, mfano Eyemo, kamera ya springi unaizungusha kama saa ya zamani, roli yake ya kawaida ni kama dakika moja tu. Ile risasi inayolia tiuu ni ya studio.

HATUA YA SABA: GEMU NA AKILI BANDIA

Gemu inayotumika zaidi ni Arma 3, mpaka kampuni iliyoitengeneza, Bohemia Interactive, Novemba 2022 ikatoa maelezo ya kuwasaidia watu kutofautisha. Dalili walizozitaja ni hizi ambazo nami nimeziona: video hafifu makusudi, kamera inatikisika sana, ni usiku, mara nyingi haina sauti, hakuna watu wanaotembea, moshi na cheche sio vya asili. Ndugu yake Arma 2 iliwahi kuponza ITV ya Uingereza, sio hii yetu, mwaka 2011 waliweka kipande cha gemu kwenye makala wakidai ni IRA, wapiganaji wa Ireland ya Kaskazini, wanaidungua helikopta mwaka 1988. Wizara ya Ulinzi ya Urusi Novemba 2017 ilitoa picha kama ushahidi dhidi ya Marekani, moja ikakutwa imetoka kwenye gemu la simu. Na yule rubani wa Kyiv aliyesifiwa Februari 2022 kwa kudungua ndege nyingi za Urusi, klipu iliyosambaa ilitoka kwenye gemu la ndege la DCS World, na baadae jeshi la anga la Ukraine lenyewe likasema ni hadithi ya kutia moyo.

Kwa akili bandia siwezi kukupa dalili za kudumu, zinabadilika kila miezi michache. Kwa sasa angalia urefu, Veo 3, programu ya Google ya kutengeneza video iliyotoka Mei 2025, inatengeneza vipande vya sekunde nane, kwa hiyo klipu za sekunde nane nane zilizounganishwa zitilie shaka, soma vibao na namba za magari maana herufi huwa zinaharibika, na angalia pembeni za kioo kama kuna alama imefunikwa na ukungu. Ila bora zaidi rudi hatua ya tano. Tukio kubwa la kweli linapigwa na simu nyingi kutoka pande nyingi. Likiwepo kwenye video moja tu, mji mzima hakuna mwingine aliyeona, subiri.

HATUA YA NANE: VIDEO IKITOKA JESHINI KWENYEWE

Hizi ni halisi mara nyingi, na ndo zinanitia wasiwasi kuliko za gemu. Vita ya Ghuba 1991, Marekani kila jioni walionyesha bomu linaingia dirishani, msalaba katikati, limepiga. Watu wakaamini vita nzima ilikuwa hivyo. Mabomu ya kuongozwa yalikuwa takribani 8 kati ya kila 100 yaliyodondoshwa, yaliyobaki yalikuwa ya kawaida, na yaliyokosa hayakurushwa kwenye TV. Leo ni droni, kila upande unatoa yake, na kila upande haukosi kamwe. Kwa hiyo uliza tatu: kabla ya hapo palitokea nini, baada ya pale video inapokatwa palitokea nini, na siku hiyo walirusha mara ngapi. Video haiwezi kukujibu, ndo maana usiifanye ushahidi wa zaidi ya kile kilichomo.

HATUA YA TISA: UNAJIBUJE KWENYE GRUPU

Usimuite mtu muongo, aliyetuma mara nyingi ana hofu kama wewe. Mimi naandika hivi, unaweza kunakili: "Ndugu zangu, hii klipu nimeikagua, ni ya nchi nyingine na ilikuwepo mtandaoni kabla, skrinishoti yenye tarehe hii hapa. Naomba aliyeituma aifute, kuna wazazi humu wana vijana kule." Weka skrinishoti lazima, bila hiyo itakuwa neno lako na lake. Kama hujapata jibu, sema hujapata, na usiitume mbele. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kusambaza taarifa za uongo, hilo nalo watu wajue.

Hifadhi ushahidi wako kwenye folda, andika tarehe uliyokagua. Yule mama aliondoka usiku ule akiniambia ndaga fijo, yaani asante sana, asubuhi akanitumia namba ya mwenyekiti wa kikoba nikamtumia skrinishoti zote tatu, wakafuta. Oktoba 2025, mji wa El Fasher huko Sudan ulipoanguka, klipu ile ile ikaja kwenye grupu la kanisa ikiitwa ya Sudan, udongo ule ule, pikipiki ile ile sekunde ya thelathini na moja. Folda ilikuwepo, nikajibu ndani ya dakika moja.